Kwa Nini Hina Hukolea Kiganjani

Msomaji wa Mombasa anauliza: dada yake alichorwa hina ya harusi kwa rojo moja na mchoraji mmoja. Kiganjani ikatoka nyekundu iliyoelekea weusi, juu ya mkono ikabaki rangi ya chungwa. Je, mchoraji alipunja?

Hakupunja. Historia ya mhina wanaijua wengi, tuiruke twende kwenye kemia, maana huko ndiko kuna utamu.

Rangi yenyewe ni lawsoni, molekuli ndogo ya kaboni 10, hidrojeni 6 na oksijeni 3. Ndani ya jani imefungwa pamoja na sukari. Jani likisagwa na kukandwa kwa ndimu, lawsoni huachiliwa polepole. Ikikaa sana hewani huharibika, ndiyo maana rojo lililolala siku nyingi halikolei.

Sasa ngozi. Ina keratini, protini iliyo pia kwenye kucha na nywele, na keratini ina vikundi vya nitrojeni vyenye elektroni za kugawa. Lawsoni nayo ina kaboni moja yenye njaa ya elektroni, kwa sababu oksijeni zilizo karibu zimezivutia kwao. Nitrojeni inatoa, kaboni inapokea, na kifungo kinakazwa hapo hapo. Ni mmenyuko wa Michael, kwa jina la Arthur Michael, Mmarekani aliyeueleza mwaka 1887. Sabuni hung'oa mafuta. Kifungo hiki haikiwezi. Kwa hiyo hina haikai juu ya ngozi kama rangi ya ukutani: inakuwa sehemu ya keratini.

Lakini keratini ipi? Ya tabaka la juu kabisa, la seli zilizokwisha kufa. Mimi naliita gambangozi. Mhariri wangu hapendi, ila hajaniletea neno bora. Lifikirie kama paa la makuti, kuti juu ya kuti, ila paa hili huezekwa kutoka chini: kuti jipya husukumwa juu na yaliyo chini yake, na lililo juu kabisa hupeperushwa na upepo. Hina hulowanisha makuti ya juu zaidi, ya chini kidogo. Yakipeperuka, hupeperuka na rangi yake. Juu ya mkono paa ni jembamba, makuti machache, rangi kidogo. Kiganjani na nyayoni ni nene mara kumi hivi, na rangi hupata pa kujaa.

Hata baada ya rojo kubanduliwa kazi haijaisha: oksijeni ya hewani huendelea kuigeuza rangi ya chungwa kuwa hudhurungi kwa siku mbili hivi. Weusi wa piko, inayopakwa kama hina, ni jambo jingine: piko si hina, ni rangi ya nywele, na wapo inaowababua.

Bibi harusi apakwe siku mbili kabla ya harusi, viganja visiguse maji siku ya kwanza.