Bomba la Pumzi la Mbwa

Katika vitongoji vya Kampala kama Kololo na Muyenga, mbwa wadogo wa kigeni wafugwao ndani ya nyumba si ajabu tena. Baadhi yao, hasa wa mbegu za Yorkshire, Pomeranian na Chihuahua, wafikapo umri wa makamo huanza kukohoa kikohozi kikavu, mfano wa mlio wa bata bukini. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa. Mara nyingi sivyo.

Bomba la pumzi hushikiliwa na pingili za gegedu zenye umbo la herufi C, na uwazi wa herufi hiyo hufunikwa na utando. Gegedu ikilegea, bomba hubonyea. Madaktari huyapima maradhi haya kwa madaraja 4: katika la 1 njia hupungua kwa robo, na katika la 4 huzibika karibu yote.

Hapo ndipo itumikapo stenti, yaani kimia cha waya wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani uliotoka katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Hukunjwa katika mrija mwembamba na kupitishwa kinywani, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa na daktari akitazama kwa eksirei. Kikiachiliwa, hujitanua chenyewe na kuliinua bomba.

Nafuu huja upesi, lakini maradhi hayaondoki. Waya huweza kukatika, kimia kuhama, au nyama kuota ndani yake. Tena njia ndogo za mapafuni haziguswi, na dawa za kikohozi huendelea.

Gharama yake, huko Marekani, ni maelfu ya dola. Kwa Uganda, ambako kichaa cha mbwa kingali kinaua watu, hatuoni kosa chanjo ikitangulia na vimia vikangoja. Isitoshe, mbwa wengi hutunzika bila stenti: wapunguzwe unene, wafungwe mkanda wa kifuani badala ya ukosi wa shingoni, waepushwe na joto la mchana, moshi wa mkaa na sigara, na wapewe dawa aliyoiandika daktari wa mifugo.

Mbwa akigeuka ufizi rangi ya buluu au akizimia, asinyweshwe kitu. Awekwe penye ubaridi, asisisimuliwe, na apelekwe kwa daktari saa ileile.