Peremende Iliyokipa Jina Chombo cha Angani

Watoto wa Marekani wana peremende ndogo iitwayo gumdrop, maana yake tone la gundi. Ni laini, ya rangi nyingi, tena imebingirishwa katika sukari ya chengachenga hata hukwaruza ulimi. Chini ni bapa na juu ni mviringo, mfano wa kibanda cha msonge.

Ili kuipika, wanga mkavu hutandazwa katika sinia, nao hukandamizwa vishimo. Shira ya moto humiminwa humo, ikaachwa hata ishikamane. Ladha zake nyingi ni za matunda, lakini ziko pia za mdalasini na karafuu.

Kwa kuwa umbo hilo halisahauliki, wasemao Kiingereza hulitumia jina lake kuelezea vitu vingine, pengine kilima, pengine pua ya mtu. (Kwa pua, si sifa ya kujivunia!)

Lakini heshima kubwa neno hilo lililipata mwaka 1969. Tarehe 3 Machi roketi iliwarusha Wamarekani watatu, James McDivitt, David Scott na Russell Schweickart, katika safari ya Apollo 9. Chombo chao kikuu, chenye upana wa karibu futi 13, kilikuwa na umbo la peremende ile, nacho kililetwa kimefunikwa kwa kifuniko cha buluu kama peremende ndani ya karatasi yake. Basi wakakiita Gumdrop. Cha pili, chenye miguu minne, kilichoundwa kwa kutua mwezini, wakakiita Spider, yaani Buibui.

Tarehe 7 Machi McDivitt na Schweickart waliingia katika Buibui wakajitenga, Scott akabaki peke yake. Walikwenda mbali zaidi ya maili 100. Hapo palikuwa na hatari kubwa, kwani Buibui hakikuwa na ngao ya kuzuia moto wa kurudi duniani. Wasingaliweza kuirudia Gumdrop, wasingalikuwa na njia ya kufika nyumbani. Baada ya saa zaidi ya sita vyombo vikaungana tena, na tarehe 13 Machi wote watatu wakashuka salama baharini.

Buibui kiliachwa angani. Gumdrop imewekwa katika jumba la makumbusho la mji wa San Diego.