Gesi na Bafa ya Bunduki: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua Vipuri

Katika maduka ya silaha nchini Marekani, kando ya bunduki za nusu-otomatiki, huuzwa vipuri vinavyoahidi kupunguza teke la bunduki na kukomesha kukwama kwa risasi. Vilivyo maarufu ni viwili: bloki ya gesi inayorekebishika, na bafa iliyo nzito kuliko ile iliyokuja na bunduki. Vipuri hivi si ulaghai, na vikitumiwa panapostahili hufanya kazi yake vyema. Hata hivyo, mara nyingi mnunuzi hutibu ugonjwa usiokuwepo, na pengine huuficha ule uliopo. Tumechukua mfano wa mtindo wa AR-15, uliobuniwa na Eugene Stoner katika kampuni ya ArmaLite miaka ya 1950, kwa kuwa ndio wenye vipuri vingi zaidi sokoni.

Baruti inapowaka ndani ya chemba, gesi yake huisukuma risasi mtutuni. Risasi ikishapita kitundu kidogo kilichotobolewa kwenye mtutu, sehemu ndogo ya gesi hupenya humo, huingia katika bloki ya gesi, kisha hurudi nyuma kwa mrija mwembamba hadi kwenye kibebeo cha bolti. Kibebeo hurushwa nyuma, bolti huzunguka na kujifungua, ganda tupu huchomolewa na kutupwa nje. Ndani ya kitako kibebeo hukutana na bafa, kipande chenye uzito kinachoegemea springi. Springi hukandamizwa, kisha hunyooka na kuvirudisha vyote mbele, na bolti ikiwa njiani huichukua risasi mpya kutoka magazini.

Yote haya hutegemea wakati. Gesi ikizidi, bolti hufunguka mapema, shinikizo la chemba likiwa bado kubwa na ganda likiwa bado limeng'ang'ania ukuta. Kichomoa ganda hulivuta kwa nguvu na huweza kurarua ukingo wake. Teke huwa kali, maganda hurushwa mbele upande wa kulia badala ya kwenda kulia moja kwa moja au nyuma kidogo, na magazini huweza kushindwa kuinua risasi kwa wakati. Gesi ikipungua, kibebeo hakifiki mwisho wa safari yake: ganda hunaswa dirishani, risasi inayofuata haichukuliwi, au bolti haibaki wazi magazini inapokwisha.

Watengenezaji wengi hutoboa kitundu kikubwa kuliko kinachohitajika hasa. Hatuwalaumu. Bunduki yao sharti ifanye kazi na risasi hafifu za bei nafuu, katika baridi, ikiwa imejaa masizi. Tena, mtutu wa inchi 16 mara nyingi hufungwa mfumo mfupi wa gesi, wenye urefu wa takriban inchi 7, ambao asili yake ni mitutu mifupi zaidi ya kijeshi. Kadiri kitundu kinavyokaribia chemba ndivyo shinikizo linavyokuwa kubwa. Mnunuzi wa bunduki mpya anayejali ulaini atafaidika zaidi kwa kuchagua mfumo wa kati, wa takriban inchi 9, kuliko kununua mfumo mfupi kisha kuurekebisha kwa vipuri.

Bafa ya kawaida ya mfumo mfupi ina wakia 3, yaani gramu 85. Zilizo nzito huitwa H, H2 na H3, nazo zina takriban gramu 108, 130 na 153, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyomo ndani hubadilishwa kimoja kimoja kwa tangsteni. Uzito huo huchelewesha kufunguka kwa bolti na kupunguza mwendo wake. Gesi yenyewe haipungui. Bafa huibebea mzigo tu. Bloki inayorekebishika ndiyo hupunguza gesi inayoingia. Kwa bunduki yenye gesi iliyozidi kidogo, bafa ya H au H2 ndiyo njia rahisi, na tunaipendelea kwa kuwa haina skrubu ya kulegea wala ya kuganda kwa masizi.

Kabla ya kutoa pesa, kagua vitu vya bei rahisi. Jaribu risasi za aina nyingine na magazini nyingine. Paka mafuta kwenye kibebeo. Tazama kama skrubu mbili za kifuniko cha gesi kilicho juu ya kibebeo zimekazwa na kingo zake kugongwa ili zisizunguke. Zikilegea, gesi huvuja na bunduki huonekana kama iliyopungukiwa. Hakikisha pia bloki ya gesi haijasogea kutoka juu ya kitundu. Kazi hii ifanywe bunduki ikiwa tupu, magazini imetolewa na chemba imetazamwa kwa macho.

Aliye na bloki inayorekebishika huanza na gesi kidogo, hutia risasi moja tu katika magazini, hufyatua, kisha hutazama kama bolti imebaki wazi. Isipobaki, huongeza hatua moja na kurudia. Ikishabaki wazi mara kadhaa mfululizo, huongeza hatua moja au mbili zaidi kwa ajili ya baridi na uchafu. Wengi huruka hatua hii ya mwisho kwa kutamani ulaini, na bunduki iliyonyamaza vizuri mwezi wa Julai hukwama mwezi wa Januari.

Katika majaribio hayo ipo hatari inayozidi zote. Risasi yenye baruti pungufu huweza kutoa mlio hafifu na kusimama katikati ya mtutu, na bunduki haitajipakia. Mtu aliyezama katika kurekebisha gesi atadhani gesi ni ndogo, atavuta bolti kwa mkono na kufyatua tena. Risasi ya pili ikiikuta ya kwanza mtutuni, mtutu huweza kupasuka. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha mara moja, ondoa risasi zote, kisha hakikisha njia ya mtutu i wazi kabla ya kufanya lolote jingine.

Vilevile, fataki iliyobapika kupita kiasi au ganda lililopasuka ni dalili ya shinikizo katika chemba, na bafa nzito haiponyi hilo. Soma maandishi yaliyo juu ya mtutu. Chemba ya 5.56 NATO hupokea pia risasi za .223 Remington, chemba ya.223 Remington haifai kupewa risasi za 5.56.

Mnunuzi ajue pia mipaka ya ulinzi wake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliziacha nje bunduki na risasi, kwa hiyo Tume hiyo haina mamlaka ya kuamuru bunduki mbovu irudishwe kiwandani. Matangazo ya kurudisha hutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, nayo hutambulisha bunduki kwa namba zake za usajili. Sajili bunduki yako kwa mtengenezaji na uangalie matangazo yake.

Kuhusu dhamana, sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss kwa kawaida haimruhusu mtengenezaji kufuta dhamana ya maandishi kwa sababu tu umefunga kipuri cha kampuni nyingine. Anaweza kukataa kulipia hasara iliyoletwa na kipuri hicho. Kwa hiyo hifadhi bafa na springi za awali pamoja na stakabadhi, na uzirudishie bunduki kabla ya kuipeleka kwa fundi, ili ubovu uonekane ulipo.