Majina ya Sheria katika Katalogi: Juu ya Usimamizi wa Uorodheshaji katika Maktaba ya Sheria ya Chuo Kikuu

Kitabu kilichonunuliwa kwa ajili ya maktaba ya sheria hakiendi rafuni moja kwa moja. Hupita kwanza katika chumba ambacho wasomaji hawakijui, na humo hupigwa muhuri, huandikwa katika daftari la mapokezi, huainishwa, huingizwa katika katalogi, na hatimaye hubandikwa namba mgongoni. Kazi za mkono katika chumba hicho zajifunzika kwa muda mfupi, wala hazina haja ya maelezo mengi. Lililo gumu ni kutoa majina: kitabu hiki kiandikwe chini ya nchi gani, na msomaji akifikie kwa neno lipi? Hilo ndilo jukumu hasa la msimamizi, na ndilo ambalo makala haya yakusudia kueleza, kwa kuwa latugusa sisi tunaochunguza lugha kuliko inavyodhaniwa.

Yafaa tuanze na mfano. Katika sheria za Tanganyika za wakati wa Waingereza, Sura ya 113 ilikuwa ni ile Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, na Sura ya 114 ilihusu umilikaji na uhamishaji wa ardhi. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, na zile za zamani zikafutwa. Kisha sheria za nchi zilipofanyiwa urekebu katika toleo la mwaka 2002, hizi mpya zikapewa namba zile zile: Sheria ya Ardhi ikawa Sura ya 113, na ya Vijiji ikawa Sura ya 114. Basi mwanafunzi akikuta maneno "Sura ya 113" katika hukumu ya mwaka 1970, kisha akaitafuta katika katalogi iliyoandikwa bila hadhari, ataongozwa kwenye sheria ambayo siku ile ya hukumu haikuwako. Wala kosa hilo halijitangazi. Kitabu atakipata, namba italingana, na ardhi itakuwa ni ardhi. Ni hoja yake tu itakayokuwa imejengwa juu ya mchanga.

Kwa sababu hiyo namba ya Sura haitoshi peke yake. Ni lazima iandamane na jina la sheria, namba yake ya kutungwa, mwaka wake, na toleo la urekebu. Tena, Sura ya 16 ndiyo Kanuni ya Adhabu kwa Tanzania Bara, na kwa Kenya ni Sura ya 63. Kwa hiyo hata nchi haina budi kutajwa. Wakili aghalabu huuliza kwa namba ya Sura, mtafiti kwa namba na mwaka, na mtu asiye mwanasheria kwa jina la Kiswahili alilolisikia redioni. Njia zote tatu ziishie mahali pamoja.

Juu ya nchi, kanuni za uorodheshaji za Waingereza na Wamarekani, tangu zile za mwaka 1967, husema kwamba sheria iandikwe chini ya nchi inayotawaliwa nayo. Kwa hiyo sheria zilizotungwa Dar es Salaam tangu Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 hata Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 zabaki chini ya Tanganyika, na zile zinazotungwa na Baraza la Wawakilishi zakaa chini ya Zanzibar. Msimamizi ataona mara kwa mara karani mwenye nia njema akifuta "Tanganyika" na kuandika "Tanzania", akidhani asahihisha. Bidii ya namna hii ina hasara kuliko uvivu, maana mvivu huacha kazi ikingoja, na huyu huiharibu ikiwa imekwisha kamilika.

Kuhusu uainishaji sitasema mengi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikaa miaka mingi bila mpango uliochapishwa wa vitabu vya sheria. Sehemu ya kwanza, KF, ya sheria za Marekani, ilitolewa mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla yake Bibi Elizabeth Moys wa Uingereza alitoa mpango wake, ambao wazikutanisha kwa mada nchi zenye sheria za asili ya Kiingereza, hali ule wa Marekani waipa kila nchi mahali pake. Kila mmoja una faida zake. Msimamizi na achague mmoja aushike. Maktaba iliyochanganya miwili ni shida tupu.

Sasa twaja kwenye maneno. Rekodi nyingi za vitabu hupatikana siku hizi zikiwa tayari, na hata vitabu vya Afrika Mashariki huorodheshwa na ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyoko Nairobi tangu mwaka 1966. Lakini vichwa vya mada katika rekodi hizo ni vya Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili hana budi kufasiri swali lake kabla ya kuliuliza. Tukitaka vichwa vya Kiswahili, yatupasa tuvitunge wenyewe, na hapo ndipo matata yanapoanza.

Tutazame neno "dhamana". Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana, na mkopaji huweka nyumba yake kuwa dhamana. La kwanza ni la mwenendo wa jinai, la pili ni la biashara, na vitabu vyake haviwezi kukaa pamoja. "Hatimiliki" ni mbaya zaidi. Kwa haki ya mtunzi neno lililokubaliwa ni "hakimiliki", lakini wako waandishi wanaosema "hatimiliki" wakikusudia jambo hilo hilo, na huku wenye mashamba huita hivyo hati ya ardhi. Karani akifuata jina la kitabu bila kukifungua, atampeleka mtunga mashairi kwa wapima viwanja. Na "talaka" je? Katika fikihi ni tamko la mume, nayo ina jirani zake, khului na faskhi. Katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama. Rai yangu ni kwamba kichwa kiwe "Talaka (fikihi)" na "Talaka (sheria ya nchi)", na kila kimoja kielekeze kwa mwenziwe.

Msamiati wa Weston wa maneno ya sheria, uliotolewa Dar es Salaam mwaka 1968, wafaa bado kuwa mezani, ingawa uliandikwa kwa ajili ya mfasiri, naye mworodheshaji ana haja nyingine: neno moja teule, na mengine yote yaelekezwe kwake. Haja hiyo imezidi tangu Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania.

Limebaki suala la mpango wa kazi. Kilicho rahisi hutangulia: vitabu vya London na New York, vyenye rekodi tayari, hufika rafuni kwa siku chache, na vijitabu vya Kiswahili, miswada, na Gazeti la Serikali hulundikana pembeni vikingoja mtu mwenye nafasi. Msimamizi aupindue mpango huo. Vitabu vya kigeni apewe karani mgeni. Lundo la pembeni apewe mworodheshaji hodari kuliko wote, tena asubuhi, kabla hajachoka. Na kila neno jipya analolikata liandikwe katika faili moja pamoja na sababu yake, na nakala yake ipelekwe kwa watunga kamusi.