Jinsi abiria anavyoweza kukwepa mitego ya wezi msimu wa likizo

KILA mwaka Desemba inapobisha hodi, kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi hufurika watu. Wapo wanaoelekea Kakamega, Busia, Siaya na Kisii kuungana na jamaa zao kwa sherehe za Krismasi, ilhali wengine hushika barabara ya Mombasa kwenda kupunga upepo wa bahari. Kila mmoja ana haraka, na wengi wamebeba jasho la mwaka mzima: zawadi za wazazi, fedha za matumizi na karo ya Januari.

Wezi nao wanaijua kalenda hiyo. Hata hivyo, mwizi wa safarini si lazima atumie bunduki wala kisu. Silaha zake kuu ni mbili, nazo humpata nazo msafiri mwenyewe: haraka yake na ukarimu wake. Anayelielewa jambo hilo huwa amekwisha kujikinga kwa kiasi kikubwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Haraka ndiyo humponza abiria hata kabla hajapanda gari. Nafasi zinapoadimika na nauli kupanda, hujitokeza watu wanaodai kuwa na tikiti za mwisho. Anayenunua hugundua baadaye kwamba amepewa karatasi tupu. Njia salama ni kukata tikiti mapema, tena ndani ya ofisi ya kampuni ya basi. Kwa anayelipa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu kabla ya malipo kukamilika. Likiwa ni jina la mtu asiyejulikana badala ya kampuni, malipo yasitishwe papo hapo.

Mizigo nayo yahitaji mpango. Kinachokwenda kwenye buti kiwe ni kile ambacho kikipotea, msafiri ataumia lakini hatakwama: nguo, viatu, unga. Vitambulisho, vyeti, dawa, fedha na kipakatalishi vikae kwenye mkoba mdogo usiotoka mapajani au miguuni mwa mwenyewe. Rafu ya juu ya kiti si mahali pa mkoba huo, kwa sababu abiria akisinzia, yeyote anayeshuka njiani anaweza kuuchukua kana kwamba ni wake.

Pahali pa mapumziko ni pa kuangaliwa zaidi. Basi la Mombasa linaposimama Mtito Andei, abiria hushuka kwa pamoja kwenda msalani na kununua chakula, huku simu zikiachwa kwenye chaja na mikoba vitini. Anayesafiri na mwenzake heri washuke kwa zamu. Aliye peke yake ashuke na mkoba wake, hata kama ni kwa dakika mbili.

Ukarimu unapogeuzwa mtego

Hatari kubwa kuliko zote huja na tabasamu. Jirani wa kitini huanzisha mazungumzo matamu, akaulizia kwao abiria, akajifanya mtu wa kijiji cha pili. Baada ya mwendo mfupi hutoa biskuti au soda. Ndani yake mna dawa ya usingizi, ambayo Wakenya wameibandika jina la "mchele". Abiria huzinduka saa kadhaa baadaye akiwa hana simu, fedha wala viatu. Wengine hawazinduki kabisa, kwa kuwa dawa hizo, hasa zikichanganyika na pombe, zaweza kudhoofisha pumzi hadi mtu akafa.

Ugumu wa mtego huu ni kwamba waliolelewa vyema huona haya kukataa chakula cha jirani. Lakini kukataa si kutukana. "Asante ndugu, nimetoka kula" ni jibu la heshima linalotosha. Ni vyema pia kubeba maji na chakula kutoka nyumbani, na kutoendelea kunywa kinywaji kilichoachwa wazi bila mtu wa kukitazama.

Abiria wengine wana wajibu pia. Mtu aliyekuwa mchangamfu akianza ghafla kuyumba, kutamka maneno kama mlevi au kulala usingizi usioamshika, asiachwe kwa dhana kwamba amechoka. Alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi, kondakta aarifiwe, na basi lielekezwe hospitali iliyo karibu. Kumlewesha mtu kwa dawa ili kumwibia si utani mbele ya sheria: Kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu nchini Kenya chaweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha.

Simu ni benki

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, anayeibiwa simu huwa ameibiwa pia ufunguo wa akiba yake. Mwizi aweza kuitoa kadi ya laini, akaitia kwenye simu nyingine na kupokea jumbe za siri zinazotumwa na benki. Kwa hiyo kufunga kioo cha simu pekee hakutoshi. Laini yenyewe nayo iwekewe nambari ya siri. Mwaka wa kuzaliwa haufai kuwa nambari hiyo, kwani umeandikwa kwenye kitambulisho kilichomo katika pochi iyo hiyo.

Kabla ya safari, msafiri abonyeze *#06# na kunakili nambari ya utambulisho wa simu itakayojitokeza, kisha aiache nyumbani. Simu ikiibwa, mteja wa Safaricom apige 100 kutoka laini nyingine ya kampuni hiyo ili yake ifungwe mara moja, kisha aiarifu benki yake. Baadaye afike kituo cha polisi, apewe nambari ya OB na hati ya kuthibitisha kwamba ameripoti. Kwa dharura, polisi hupatikana kwa 999 au 112.

Wanaokwenda Pwani wana mtego mwingine wa kuhadhari nao: nyumba za kukodi zinazotangazwa mtandaoni kwa picha zilizoibwa kwingineko. Dalili yake ni bei ya chini mno na shinikizo la kutuma arbuni "kabla mwingine hajaichukua". Aliye na jamaa Mombasa au Malindi amwombe akaione nyumba hiyo kwanza. Na katika msongamano wa kivuko cha Likoni, mkoba ubebwe kifuani badala ya mgongoni.

Mwisho ni nyumba iliyoachwa nyuma. Picha za ufuoni zinazopachikwa Facebook siku ile ile humtangazia mwizi kwamba mlangoni hakuna mtu. Picha zaweza kusubiri hadi familia irejee. Jirani mwaminifu ndiye anayestahili kujua safari hiyo mapema.

Hakuna lolote katika haya linalohitaji gharama kubwa. Linalohitajika ni kufika kituoni saa moja mapema, na ujasiri wa kusema "asante, nimeshiba".