Potwe: Meno Elfu Tatu Yasiyotafuna

Basi kubwa linalotoka stendi ya Msamvu, Morogoro, lina urefu wa mita 12 hivi. Papa potwe mkubwa hulifikia, na rekodi inayotajwa mara nyingi inampa mita 18.8. Hakuna samaki mkubwa kuliko yeye duniani. Kinywani ana meno kama 3,000, yote ya milimita chache tu, na hata moja halimsaidii kula.

Kinachomlisha ni vichujio 20 vinavyofanana na sponji, ndani ya koo, mbele ya matamvua. Papa wengi wana mdomo upande wa chini wa kichwa. Wa potwe uko mbele kabisa, na kwa mkubwa hufika upana wa mita moja na nusu. Huuachama karibu na uso wa bahari, akafyonza, maji yakatokea kwenye mipasuo mitano ya kila upande, chakula kikabaki. Watafiti waliofanya kazi Mexico walikadiria kuwa potwe wa mita 6 huchuja mita za ujazo zaidi ya 600 kwa saa. Hizo ni lita laki sita, na yeye bado kijana.

Hapa Tanzania makao yake maarufu ni Kilindoni, Mafia, ambako huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari. Anachofuata ni vijikamba vya jamii ya uduvi. Morogoro nayo ina mkono wake humo. Mito ya milima ya Uluguru humimina maji yake katika Ruvu, unaoingia baharini karibu na Bagamoyo, lakini Kilombero, mto wa mkoa huohuo, huungana na Luwegu kuufanya Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na Mafia. Tope na rutuba yake huingia katika mkondo ulio kati ya bara na kisiwa. Sisemi kila uduvi wa Kilindoni umeonja udongo wa Kilombero, ila njia ya maji ndiyo hiyo.

Msimu ukiisha, watu walidhani potwe wamehama. Vifaa vya sauti walivyofungwa vikaonyesha wengi hawaendi mbali: husogea nje kidogo na kuzama zaidi, wasionekane.

Mwili hauna mfupa, kiunzi chake ni gegedu tupu. Ngozi ya mgongoni huweza kuzidi unene wa sentimita 10, na ina madoa meupe ambayo hayafanani kati ya potwe wawili. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliotumia hesabu za wanaastronomia za kulinganisha ramani za nyota ili kuyatambua madoa hayo kwenye picha, na mpaka leo potwe hutambuliwa hivyo.

La ajabu zaidi kwangu ni macho. Hayana kope. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walieleza kuwa uso wa jicho umefunikwa na vijino vidogo, ngao dhidi ya mikwaruzo. Akitishika, hulivuta jicho ndani.

Hukua polepole. Pingili za gegedu za uti wa mgongo zilipopimwa kwa kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, potwe wa mita 10 alikutwa na umri wa takriban miaka 50. Wa Mafia wengi ni madume ambayo hayajakomaa. Jike mwenye mimba aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikuwa na vichanga kama 300 tumboni.