Badilisha upande mmoja kwanza

Nyumba nyingi za kupangisha za zamani, Samuye na kwenye vituo vingine kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Tinde, zina ramani moja: korido katikati, vyumba vinne huku na vinne kule, uani choo cha shimo na bafu la mabati. Wapangaji wa sasa, hasa walimu na wahudumu wa afya, wanaulizia chumba na sebule chenye choo cha ndani. Basi mwenye nyumba anaita fundi, fundi anakuja na nyundo. Kabla ya nyundo ilitakiwa futi na karatasi.

Pima nyumba nzima uichore, kisha panda darini na tochi uone kenchi zimekalia kuta zipi. Nyumba za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo mara nyingi hazina renta, na paa limeegemea kuta za nje pamoja na zile mbili za korido. Hizo zisiguswe. Ukuta unaotenganisha chumba na chumba kwa kawaida haubebi paa, ila hakikisha kwa macho yako. Hata huo huna sababu ya kuuangusha wote: uwazi wa mlango wa sentimita 90 unatosha kufanya vyumba viwili kuwa nyumba moja. Juu yake iwekwe linta ya zege inayoingia ukutani sentimita 20 kila upande, na nguzo za kuishikilia zisitolewe kabla ya siku 14.

Choo kiende wapi? Mafundi wengi watakushauri kukata korido. Mimi napinga. Katikati ya nyumba hakuna dirisha, harufu haina pa kutokea, na bomba likiziba utavunja sakafu za watu. Vyoo vijengwe nje, kando ya ukuta wa ubavuni, viwili vikipeana mgongo ili vitumie bomba moja na chemba moja. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Karo la maji taka likiwa mita 10 mbali, hiyo ni sentimita 25. Sakafu ya choo ikiwa chini mno, maji machafu yatarudi ndani, kwa hiyo kimo chake kipangwe kabla ya kuchimba msingi.

Hapa udongo ndio unaoamua. Wasukuma wanautambua kwa majina: luseni ni wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi. Mbuga huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Ukiona nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, zinazofunguka kiangazi na kubana mvua ikinyesha, ujue uko juu yake. Choo kipya kikifungamanishwa na ukuta wa zamani kitapasuka na kuupasua huo wa zamani pia. Acha mwanya wa sentimita 2 kati yao, na chini ya msingi mpya toa ule udongo mweusi ujaze moramu iliyoshindiliwa. Mbuga pia hainywi maji, kwa hiyo shimo la kunyonyea litajaa mapema. Liwe mahali gari la kunyonya maji taka linaweza kufika. Kwenye luseni hatari ni kinyume chake: maji machafu hupenya haraka, kisima kiwe mbali.

Kuhusu pesa, nasema wazi: usigeuze vyumba vyote vinane kwa mkupuo. Vinne vya upande mmoja vitoe nyumba mbili zenye milango yake ya nje na mita zake za LUKU. Vinne vya pili vibaki na korido yao, viendelee kuleta kodi wakati ujenzi unatafuna akiba. Mwenye kipato kidogo naye anahitaji chumba kimoja cha bei nafuu, wala hapaswi kufukuzwa kwa sababu ya vigae. Wapangaji wengi hulipa kodi ya miezi sita, hivyo walio upande utakaobadilishwa waambie kabla hawajalipa tena.

Peleka mchoro wako Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga uombe kibali. Nyumba ikitazama barabara kuu, usiongeze kitu mbele: Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Anza Juni, baada ya mavuno, umalize msingi na kuezeka kabla ya mvua za Novemba.